Kompyuta ya Chama Imezeeka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Msimu wa ununuzi unapofika katika uwanda wa Ufipa, kazi ya ofisi ya chama cha msingi huongezeka maradufu. Magunia ya mahindi na maharage huingia ghalani, wakulima husubiri stakabadhi zao, na mizani haipumziki. Ndipo katika baadhi ya vyama hugundulika kwamba kompyuta mpakato iliyonunuliwa miaka saba au minane iliyopita haifunguki, au hufunguka baada ya robo saa, au huzimika kila umeme unapokatika. Foleni hurefuka, na katibu hana budi kurudi kwenye karatasi huku hesabu za juzi zikiwa zimefungiwa ndani ya mashine.

Katika hali kama hiyo makosa mawili hutokea. Kosa la kwanza ni kukimbilia dukani na kununua mashine mpya kwa bei yoyote, bila kuuliza kama ile ya zamani ilihitaji kipuri kimoja tu. Kosa la pili ni kinyume chake: kupeleka mashine kwa fundi mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara kwa fedha kidogo, hadi jumla ya fedha hizo inapita bei ya mashine nyingine. Makosa yote mawili hulipwa na mwanachama, kwa kuwa fedha ya ofisi hutoka katika ushuru wa gunia lake. Makala haya yanaeleza namna chama kinavyoweza kuamua kwa hesabu, na kwa wakati unaofaa.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Zamani chombo cha katibu kilikuwa daftari, kalamu na kitabu cha stakabadhi. Vyombo hivyo vingalipo na havipaswi kuachwa, lakini kazi imeongezeka. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inavitaka vyama kuweka taarifa zao katika mfumo wa MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Katika msimu wa 2022/23 Serikali ilianza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Mazao yanayouzwa kwa stakabadhi za ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005, nayo hudai orodha sahihi za majina, uzito na malipo. Mkaguzi anapofika, huuliza daftari na huuliza pia kilichomo katika mashine.

Kwa hiyo kompyuta ya chama ni sehemu ya mizani. Ikipotosha au kupoteza hesabu, mkulima wa Laela au Matai aliyeleta magunia 40 hana njia rahisi ya kuthibitisha kwamba hakuleta 30. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo haukubagua daftari la karatasi na daftari la mashine.

KWANZA KUMBUKUMBU, KISHA MASHINE

Kabla ya kujadili kama mashine itengenezwe au iachwe, chama kihakikishe kwamba kumbukumbu zake ziko mahali pengine pia. Mashine hununuliwa dukani. Orodha ya wanachama na madeni ya pembejeo hainunuliwi popote.

Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu za kumbukumbu: moja ndani ya mashine, ya pili katika diski ya nje au flashi inayofungiwa kwenye kasha la chama, na ya tatu nje ya jengo kabisa, kwa mfano katika hifadhi ya intaneti au katika ofisi ya Chama Kikuu. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, nakala zilizokaa chumba kimoja huondoka pamoja. Aidha, katika msimu wa ununuzi yafaa muhtasari wa kila wiki uchapwe kwenye karatasi, utiwe saini na katibu na mtunza ghala, na uwekwe kwenye jalada.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiaminiki. Mara moja kwa mwezi katibu achukue flashi hiyo, aifungue kwenye mashine nyingine, na alinganishe jumla ya magunia na ile iliyomo katika daftari.

Jambo moja zaidi lahitaji tahadhari. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa siri, hata mtu akiitoa na kuitia katika mashine nyingine haisomeki bila ufunguo wa kurejesha. Ufunguo huo ni tarakimu 48. Mashine ikibadilishiwa ubao mkuu wa saketi, ambao mafundi huuita mazabodi, inaweza kuudai ufunguo huo kabla ya kufunguka. Chama kiuandike mapema na kiutie kasheni pamoja na hati nyingine. Katibu akihamishwa au akifariki bila kuuacha, kumbukumbu zitabaki ndani ya diski nzima isiyosomeka.

MAKALI NA CHUMA

Watu wa Ufipa si wageni katika kuhukumu chombo kilichochakaa. Wahunzi wao waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, ambazo mabaki yake yangali yakionekana mashambani, kisha wakakisafisha tena katika tanuru ndogo kabla ya kufua jembe. Kila aliyelima anajua tofauti hii: jembe likiisha makali hunolewa, likiisha chuma hubadilishwa.

Kompyuta nayo ina makali na chuma. Makali ni zile sehemu zinazochakaa kwa kawaida na kubadilishika kwa gharama ndogo: chaja, betri, diski, kumbukumbu ya muda iitwayo RAM, feni, kibodi, na hata kioo. Chuma ni mazabodi na prosesa iliyobandikwa juu yake. Mashine iliyoishiwa makali kwa kawaida hustahili kutengenezwa. Mashine iliyoishiwa chuma mara chache hustahili.

Maradhi yafuatayo ndiyo yanayoonekana zaidi, na mengi kati yake katibu anaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Mashine haiwaki kabisa. Kwanza ijaribiwe kwa chaja nyingine yenye volti ileile. Nyingi ni za volti 19 au 20, na namba hiyo imeandikwa kwenye chaja yenyewe. Mashine kadhaa zilizohukumiwa kuwa zimekufa zimeponywa kwa chaja tu. Ikiwa chaja ni nzima na bado haiwaki, huenda ugonjwa uko kwenye mazabodi.

Inawaka lakini kioo ni cheusi. Iunganishwe kwa waya na televisheni au kioo cha nje. Picha ikionekana huko, mazabodi ni nzima, na kilichoharibika ni kioo au waya wake.

Huzimika umeme ukikatika. Hiyo ni betri. Betri za lithiamu kwa kawaida huanza kupungua nguvu waziwazi baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500. Katika mashine za Windows, katibu akifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, mashine hutoa taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ukiwa chini ya nusu, betri ibadilishwe. Ikiwa betri imevimba na kuinua kibodi, mashine izimwe mara moja na isichajiwe tena. Betri ya namna hiyo huweza kushika moto, na ni marufuku kuitoboa.

Ni nzito na huchelewa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Jedwali litaonyesha kinacholemewa. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, na ikiwa ni ya aina ya zamani yenye sahani inayozunguka, dawa yake ni kuiweka diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Katika mashine ya miaka ya kati hakuna tengenezo jingine linaloleta nafuu kubwa kama hilo. RAM ikijaa, iongezwe, kama mashine ina nafasi ya kuongezea. Baadhi ya mashine nyembamba zimeunganishiwa RAM moja kwa moja kwenye mazabodi na haziongezeki.

Diski inagonga au mafaili yanakataa kufunguka. Hapo kazi isimamishwe, nakala ichukuliwe kwanza, na diski ibadilishwe. Kuendelea kuandika stakabadhi ndani ya diski inayokufa ni sawa na kumimina mahindi katika gunia lililotoboka.

Tarehe hurudi nyuma kila ikizimwa. Katika mashine nyingi sababu ni betri ndogo ya saa, bapa kama sarafu, iitwayo CR2032, ya volti 3. Bei yake ni ndogo, lakini madhara yake si madogo: stakabadhi ya Julai huweza kuandikwa tarehe ya miaka kumi iliyopita, na mkaguzi ana haki ya kuitilia shaka.

VUMBI, BARIDI NA DAWA YA GHALA

Mashine za vyama vya mazao huzeeka kwa sababu ambazo mashine za ofisi za mjini hazizijui. Ya kwanza ni vumbi. Kuanzia Mei upepo wa kiangazi hupita uwandani, na ofisi nyingi zimepakana na ghala ambamo mahindi hupepetwa na kupimwa. Vumbi hilo huziba feni, joto hukosa pa kutokea, na mashine hujipunguzia kasi au kujizima ili isiungue. Mashine inayozimika baada ya nusu saa ya kazi, ikiwa na moto chini, ipelekwe kusafishwa feni na kutiwa mafuta mapya ya kupozea prosesa kabla ya kusemwa kwamba imekufa.

Ya pili ni tofauti ya hali ya hewa. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, ilhali bonde la Ziwa Rukwa liko chini kwa karibu mita 900 zaidi. Katibu anayetoka uwandani asubuhi ya baridi na kuteremka hadi Muze au Mtowisa, penye joto na unyevu, hubeba mashine baridi. Ikifunguliwa papo hapo, umande huweza kushika ndani yake kama unavyoshika kwenye chupa ya maji baridi. Yafaa ikae ndani ya mkoba kwa saa moja hivi kabla ya kuwashwa.

Ya tatu haijulikani na wengi, nayo ni ya hatari kupita zote. Vidonge vya kufukiza mahindi dhidi ya dumuzi na fukusi hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo, pamoja na kuwa sumu kali kwa binadamu, hula shaba na madini mengine yaliyomo katika nyaya na saketi, hasa panapokuwa na unyevu. Kompyuta, mizani ya kielektroniki au chaja ikiachwa ndani ya ghala linalofukizwa, au katika ofisi isiyotengwa na ghala hilo, huweza kuharibika mazabodi polepole bila dalili ya nje, na fundi akashindwa kueleza kwa nini. Vifaa vyote vya umeme vinavyohamishika vitolewe kabla ya kufukiza, wala visirudishwe mpaka ghala limefunguliwa na kupigwa hewa kama mtaalamu anavyoelekeza. Chama kinachonunua mashine mpya na kuiacha katika chumba kilekile cha dawa kitarudi dukani mapema.

Mwisho ni umeme wenyewe. Panapokuwa na umeme unaopanda na kushuka, au unaotoka kwenye paneli za jua kupitia inveta ya bei rahisi, kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho mafundi hukiita gadi, kiwe sehemu ya bei ya mashine na si anasa.

HESABU YA GHARAMA KWA MSIMU

Kipimo cha haraka ni nusu. Gharama ya tengenezo ikipita nusu ya bei ya mashine nyingine inayoweza kazi ileile, chama kielekee kwenye kununua. Lakini kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa hakisemi mashine itadumu muda gani. Kipimo bora ni kugawa gharama kwa idadi ya misimu inayotarajiwa. Mifano ifuatayo ni ya kufundishia hesabu tu. Bei halisi ziulizwe madukani.

Mfano wa kwanza. Mashine ilinunuliwa mwaka 2019. Prosesa yake ni ya kizazi cha nane, lakini ina diski ya kuzunguka, RAM ndogo, na betri iliyokufa. Fundi anadai diski ya SSD Sh. 90,000/=, RAM Sh. 50,000/=, betri Sh. 80,000/=, na ufundi Sh. 30,000/=. Jumla ni Sh. 250,000/=. Ikitarajiwa kufanya kazi misimu mitatu, gharama ni Sh. 83,300/= hivi kwa msimu. Mashine mpya ya Sh. 1,350,000/= itakayodumu misimu sita ni Sh. 225,000/= kwa msimu. Hapa chama kitengeneze.

Mfano wa pili. Mashine ni ya mwaka 2012. Mazabodi imeungua, bawaba za kioo zimevunjika, na betri imekwisha. Mazabodi ni Sh. 220,000/=, bawaba Sh. 50,000/=, betri Sh. 80,000/=; jumla Sh. 350,000/=. Kwa umri wake haiwezi kutegemewa zaidi ya msimu mmoja, hivyo gharama ni Sh. 350,000/= kwa msimu. Mashine ya mtumba iliyo nzuri, ya Sh. 600,000/= kwa misimu mitatu, ni Sh. 200,000/=. Hapa chama kinunue.

Mfano wa tatu ndio mgumu. Mashine ni ya mwaka 2016. Kila kitu ni kizima isipokuwa kioo kilichopasuka, nacho ni Sh. 150,000/=. Kwa misimu miwili ni Sh. 75,000/= tu kwa msimu. Hesabu inasema itengenezwe. Lakini kama itakavyoelezwa hapa chini, mashine ya umri huo haikubali programu endeshi mpya. Kwa hiyo jibu linategemea kazi. Ikiwa itabaki kuchapa barua na mihtasari, itengenezwe, au iunganishwe na kioo cha nje kilichopo. Ikiwa ndiyo itakayoshughulikia malipo ya benki na taarifa za wanachama, fedha hiyo iwekwe kwenye mashine nyingine.

Katika hesabu hizi mambo mawili husahaulika. La kwanza ni siku za kusimama. Kipuri kisichopatikana Sumbawanga huagizwa Mbeya au Dar es Salaam, na kwa chama cha Nkasi au Kalambo huongezeka nauli ya kupeleka na kurudisha. Siku kumi za kusubiri mwezi wa Februari ni jambo dogo. Siku kumi mwezi wa Julai huweza kuwapeleka wakulima kwa mlanguzi. La pili ni fedha iliyokwisha kutumika. Hoja ya kwamba "tumekwisha iwekea laki tatu, tusiiache sasa" haimo katika hesabu. Fedha hiyo haitarudi kwa uamuzi wowote. Linalopimwa ni fedha ijayo na kazi ijayo.

UMRI WA PROGRAMU

Mashine huweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa imezeeka. Kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ile ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zenye programu hizo haziachi kuwaka, lakini hazipati tena marekebisho ya bure ya kawaida ya kuziba mianya inayotumiwa na wezi na virusi. Kwa mashine inayofungua akaunti ya benki ya chama, jambo hilo ni zito.

Windows 11 inadai RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, kijisaketi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo, kwa zile za Intel, kwa jumla ni ya kizazi cha nane na kuendelea. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Katibu anaweza kukitambua kwa kusoma namba ya prosesa: i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i5-6200U ni ya kizazi cha sita, na i5-10210U ni ya kizazi cha kumi.

Kwa mashine iliyo nzima lakini isiyokubali Windows 11, ipo njia ya kuweka programu endeshi ya bure ya Linux, pamoja na programu za bure za kuandikia na kupigia hesabu. Kazi za intaneti hufanyika humo vizuri. Hata hivyo, chama kinachotumia programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows kihakikishe kwanza kwamba itafanya kazi, na kwamba yupo mtu karibu anayeijua Linux.

UKIAMULIWA KUNUNUA

Kompyuta za mtumba zimekuwa nyingi madukani, na si zote mbaya. Nyingine zilitumika maofisini ng'ambo na ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Katibu asinunue kwa kutazama ganda. Asome namba ya prosesa, aitake taarifa ya betri kama ilivyoelezwa, ahakikishe diski ni SSD, ajaribu kila herufi ya kibodi na kila tundu la waya, na aiwashe kwa saa moja bila kuizima. Aidha ahakikishe mashine haidai neno la siri la mwenyewe wa zamani mara inapowashwa au inaporudishwa upya. Dhamana iandikwe kwenye karatasi, ikitaja muda na sehemu zinazohusika, na risiti ya EFD itolewe kwa jina la chama. Mashine iliyoandikwa kwa jina la katibu siku moja itazua ugomvi.

Yafaa pia chama kianze kuweka akiba ya mashine ijayo siku ileile inaponunuliwa hii. Kwa madhumuni ya kodi ya mapato, kompyuta hupunguziwa thamani kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mashine ya Sh. 1,200,000/= baada ya mwaka mmoja huhesabiwa Sh. 750,000/=, baada ya miwili Sh. 468,750/=, na baada ya mitatu iko chini ya robo ya bei yake. Mpango huo wenyewe unakumbusha kwamba chombo hiki hakikai kama jiwe la kusagia. Chama kinachopokea magunia 5,000 kwa msimu, kikitaka kuwa na Sh. 1,350,000/= baada ya misimu sita, kinahitaji kutenga Sh. 45/= tu kwa kila gunia.

NANI AAMUE, NA LINI

Uamuzi huu si wa katibu peke yake, wala si wa fundi. Fundi aombwe kuandika taarifa fupi: nini kimeharibika, bei ya kila kipuri, dhamana, na makadirio ya muda mashine itakaodumu. Pakiwezekana maoni ya fundi wa pili yatafutwe, kwa sababu anayeuza mashine na kutengeneza pia huweza kuvutwa na upande wenye faida. Bodi ipewe taarifa hiyo pamoja na ankara kifani za mashine mbadala kutoka maduka yasiyopungua matatu, ijadili gharama kwa msimu, na sababu za uamuzi ziandikwe katika muhtasari. Matumizi yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Mwanachama akiuliza kwa nini fedha ilitumika, muhtasari ujibu bila kumtafuta katibu.

Wakati ufaao ni Februari na Machi, mahindi yangali shambani na ofisi imetulia. Mashine ipimwe, isafishwe, na uamuzi ufanyike ili Mei inapofika kila kitu kiwe tayari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Julai hujengwa kwa bei ya Julai.

MASHINE ILIYOSTAAFU

Mashine ikiondolewa kazini, iandikwe hivyo katika daftari la mali za kudumu. Kabla ya kuuzwa, kugawiwa au kutupwa, kumbukumbu zilizomo zifutwe kabisa kwa mtaalamu, au diski itolewe na kubaki na chama. Kufuta faili kwa kawaida hakutoshi, huweza kurejeshwa. Humo mna majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Hali kadhalika, mashine inapopelekwa kwa fundi kwa ugonjwa usiohusu diski, kama kibodi au bawaba, ni busara diski itolewe kwanza ofisini.

Betri na saketi zisichomwe wala zisifukiwe shambani. Zina madini yenye sumu, na kanuni za mwaka 2021 za taka za umeme na kielektroniki zinataka zipelekwe kwa wakusanyaji walioruhusiwa. Chaja, RAM na kioo kizima viwekwe akiba; huenda vikaponya mashine ya chama jirani.

Katika kikao kijacho cha Bodi, kila katibu anaweza kuleta karatasi moja yenye majibu matano: mashine ilinunuliwa lini, prosesa yake ni ya kizazi gani, betri imebakiwa na uwezo kiasi gani, fedha ya matengenezo ya miaka miwili iliyopita ni ngapi, na nakala ya mwisho ya kumbukumbu ilifunguliwa na kulinganishwa tarehe ngapi. Chama kinachoweza kujibu manne ya kwanza kitajua kama kitengeneze au kinunue. Kisichoweza kujibu la tano kisisubiri kikao. Kichukue nakala leo.